Kumi na Mbili Iliyo Ndogo Kuliko Mbili

Nyawira,

Kutoka Karatina mpaka Naro Moru hajazaliwa mwanamume aliyeogesha ng'ombe wengi kuliko mimi baba yako. Kama ng'ombe wangekuwa na kura, leo ningekuwa mbunge, na nyinyi wa nyumbani mngeniona kwa kupanga foleni. Nilikuwa napiga mluzi mmoja tu, fahali wa gredi, wa mbegu ya kizungu, anaruka mwenyewe ndani ya dipu bila kusukumwa, anaogelea, anatoka upande wa pili akinitazama kama mtu aliyetoka kubatizwa. Dawa ya kupe niliijua kwa pua. Nikiinama juu ya maji nilijua imeshika ama haijashika. Tetu nzima iliniita Daktari, na sikuwa nimemaliza hata darasa la nne.

Umecheka? Najua hujacheka. Miaka minane sasa nikianza kujisifu wewe unainama unafunga kamba za viatu, hata siku ambazo huna viatu.

Mambo ya safari sitakuandikia. Blanketi, sabuni, barua ya chuo, hayo mama yako amekwambia mara tatu na umemwitikia mara tatu. Sanduku ameshalifunga kwa kamba yangu ya ng'ombe, ile nzuri, wala hakuniuliza. Wewe uko kwa shosho yako, mama yangu, unasukwa nywele. Mvua imeziba mlima wote. Mimi nimekaa stoo juu ya gunia la viazi, na daftari lako la zamani liko juu ya goti langu. Ndiyo, lile la bluu, la hesabu za darasa la tano. Halikuliwa na panya. Nitafika hapo.

Utajiuliza kwa nini ninakuandikia kwa Kiswahili, kwa maana sisi huongea Kikuyu, hayo machache tunayoongea. Ni kwa sababu jambo lenyewe nililisema kwa Kiswahili, mbele ya watu, siku ile Bwana Wafula alipokuja kuuliza ni kitu gani kimeua ng'ombe wetu. Kila mtu hapa anajua nilisema nini. Nilisema ni mtoto wangu aliyenisomea karatasi, akaisoma vibaya. Kesho unaondoka kwenda kusomea ualimu, na neno hilo bado liko mgongoni mwako. Nataka kulishusha kabla hujapanda gari. Ningelisema kwa mdomo, lakini unanijua, nikiwa na watu mbele yangu kila kitu kinageuka mchezo. Kwa karatasi pengine nitaweza.

Nianze mbali kidogo. Watu wanasema hali ya hatari ya wakoloni ndiyo iliyonitoa shuleni. Wanasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Shule yetu ilifungwa, hilo ni kweli. Lakini baadaye ilifunguliwa nyingine, na wenzangu wakarudi, watu wenye sauti nzito na ndevu zimeanza, wakakaa kwenye madawati ya watoto. Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya ng'ombe kwa mzungu mmoja kule Naro Moru, na koti lenye vifungo vyote. Siku moja ya mapumziko nilikuja nikasimama kando ya ua wa shule nikawaonyesha vifungo. Mmoja wao akaniambia, "Wewe Wanjohi, rudi, mwaka ujao tunaanza nukta." Nikamuuliza kama nukta inakamuliwa.

Kwa hiyo mimi hesabu zangu zote zilikuwa za vitu vizima. Ng'ombe mmoja, ng'ombe wawili, debe tatu za maziwa. Maisha yangu yote sikuwa nimekutana na ng'ombe nukta tano.

Uhuru ulipokuja na watu wakaanza kununua ng'ombe wa gredi, dipu ikajengwa pale bondeni, na nani mwingine angepewa ufunguo wa stoo ya dawa? Nilikuwa najua ng'ombe, najua Kiswahili cha maofisa, na najua kuongea. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Jumanne alfajiri watu wanaleta ng'ombe, ng'ombe wanaruka, wanatoka, maji yanapungua. Jumatatu nayapima kwa kijiti chenye alama, naongeza maji galoni kadhaa, na dawa vikombe kadhaa. Mara moja moja Bwana Wafula, yule afisa wa mifugo aliyetoka Magharibi, alichota maji ya dipu kwenye chupa ikapelekwa kupimwa nguvu. Majibu yakija, ananieleza kwa maneno: Wanjohi, ongeza dawa, Wanjohi, ongeza maji.

Halafu ukafika ule mwaka wa kuondoa galoni na kuleta lita. Vikombe vyangu vyote vikawa si kitu. Bwana Wafula alikuja na pikipiki yake akaniambia, "Sasa majibu yatakuja na namba. Nguvu tunayotaka ni nukta mbili. Ikiwa chini ya hapo, ongeza dawa. Ikiwa juu, ongeza maji. Na kama hujaelewa, usiguse kitu, ngoja nifike."

"Bwana Wafula," nikamwambia, "mimi nilikuwa naelewa dipu wakati wewe unaogopa kondoo."

Alicheka. Alikuwa mtu mzuri. Akaenda, pikipiki ikaharibika, na dipu zake zilikuwa nyingi, hatukumwona tena kwa wiki nyingi.

Karatasi ililetwa Jumatatu moja na lori la maziwa. Nadhani unaikumbuka kuliko mimi. Kulikuwa na watu kama sita pale wamekaa juu ya ukuta wa dipu, na Mzee Gathogo akiwa mbele kama kawaida yake. Nikaikunjua kwa madaha. Ilikuwa na namba mbili tu zilizonihusu. Nguvu iliyopo: 0.12. Nguvu inayotakiwa: 0.2. Nikaona kumi na mbili, nikaona mbili. Nikawaambia wazee, "Hii dawa imekuwa moto. Iko kumi na mbili na inatakiwa mbili tu. Ndiyo maana ng'ombe wa Gathogo alibabuka matiti." Wakaitikia kwa vichwa. Nikafungua maji ya mfereji.

Wewe ulikuwa umeniletea chai kwenye chupa, umetoka shule. Ulikuwa darasa la tano, mguu mmoja una soksi. Ukasoma karatasi kwa kando ya mkono wangu, bila kuombwa, ukasema kwa sauti ndogo, "Baba, sifuri nukta mbili ndiyo kubwa."

Nakumbuka nilivyowageukia wale watu kwanza, kabla ya kukugeukia wewe. Hilo lingetosha kueleza mimi ni mtu wa aina gani.

"Ati mbili ni kubwa?" nikasema. "Mmesikia? Serikali inakula karo zetu bure. Kuja hapa, mama. Nikikupa mbuzi kumi na mbili, na huyu Gathogo akupe mbuzi mbili, utaenda na nani?"

"Hiyo si mbuzi, Baba."

"Siku ya mahari yako nitawaambia walete mbili. Nitasema Nyawira amesema mbili ndiyo kubwa."

Walicheka mpaka Mzee Gathogo akashika ukuta. Ukaweka chai chini, ukaenda. Maji yaliendelea kuingia.

Ng'ombe hawakufa siku hiyo, kwa hiyo nilikuwa na wiki tano za kuonekana niko sawa. Kupe wakarudi, wakajaa masikioni na chini ya mikia. Nikasema ni mvua. Halafu homa ya kupe ikaingia, tezi zikaanza kuvimba chini ya masikio, ng'ombe wakakataa majani, wakaanza kupumua kama watu waliokimbia. Wa kwanza alikuwa wa Gathogo. Baada ya hapo sikutaka kuhesabu, lakini walikuwa tisa. Wa saba alikuwa Njeru, ng'ombe mweupe wa shosho yako, ambaye wewe ulikuwa unampeleka dipu kila Jumanne kabla ya kwenda shule na ambaye alikuwa akikulamba shingo.

Bwana Wafula alipofika hakupiga hata kelele. Alichukua kijiti akapima, akanusa maji, akauliza karatasi iko wapi. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Watu walikuwa wengi, wengine walikuwa wamelia. Wewe ulisimama kwenye ua na kamba ya Njeru mkononi. Sijui kwa nini ulikuwa bado unaibeba.

"Nukta moja mbili," akasoma. "Na ukafanya nini?"

"Niliongeza maji."

"Maji." Akaikunja karatasi polepole. "Nani alisoma hii, Wanjohi?"

Hapo ndipo niliposema. "Macho yangu yalikuwa na dawa siku hiyo, Bwana. Nilimpa mtoto anisomee. Ni yeye alisema iko juu." Na nikakunyooshea kidole. Wewe una jina la mama yangu, na kwa desturi yetu hilo linakufanya mama yangu mdogo, na ndivyo ninavyokuita nikiwa na furaha. Mama yangu mwenyewe, shosho yako, alikuwa pale pale pia, amekaa kwenye nyasi. Nikawaumiza mama wawili kwa kidole kimoja.

Na wale sita waliokuwa juu ya ukuta? Walikuwepo. Walisikia ulivyosema. Mzee Gathogo alitazama viatu vyake, kwa sababu na yeye alikuwa amecheka, na mtu aliyecheka hapendi kukumbushwa alicheka nini. Bwana Wafula akakuuliza, "Ni kweli, msichana?" Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, muda mrefu, mpaka mtu mmoja akakohoa. Wakachukua kunyamaza kwako kuwa jibu.

"Dawa haipimwi na mtoto," Bwana Wafula akasema, na akaninyang'anya ufunguo. Lakini watu walinihurumia, unajua? Maskini Daktari, ameangushwa na mtoto wake. Nililetewa chai na viazi kwa kuhurumiwa. Na wewe ukapewa jina langu. Kule mtoni watoto walikuwa wakikupigia kelele, "Daktari mdogo, tupimie maji." Nilisikia. Nilikuwa nasuka kikapu pale juu, nikaendelea kusuka.

Ukahamia kwa shosho. Hakuna aliyekutuma. Miaka miwili ulikata majani ya ndama wa jirani kabla ya shule ili shosho apewe maziwa badala ya yale ya Njeru, na viganja vyako vikawa kama vya mtu wa machimbo. Uliacha kuniita Baba, ukaanza kuniita Mzee. Nilikuwa sijafika miaka arobaini.

Sasa daftari. Nililiiba kwenye mfuko wako mwaka ule ule. Nilitaka kuona kama ni kweli. Umechora mistari ya kusimama, na juu ya kila nafasi umeandika jina lake: mamoja, halafu nukta, halafu sehemu za kumi, halafu sehemu za mia. Namba ile ile, ukiisogeza nafasi moja kulia, inapungua mara kumi. Mbili si mbili mpaka ujue imesimama wapi. Nilitazama ukurasa huo mpaka macho yakauma, na kichwa changu kikaendelea kuhesabu mbuzi.

Nilielewa miaka miwili baadaye, kwenye baraza la chifu. Kulikuwa na kesi ya shamba. Mzee alikuwa amekufa ameacha wana kumi, shamba likakatwa vipande kumi. Wana wawili nao wakakata vyao vipande kumi kumi kwa watoto wao. Akasimama kijana mmoja mwenye mdomo kama wangu, amechukua vipande vyote kumi vya baba yake na kuongezewa viwili vya binamu, akasema, "Mimi niko na vipande kumi na viwili." Maana alivihesabu vyote kwa kipimo cha wajukuu. Ami yake alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa na vipande viwili tu, lakini viwili vya wana, vilivyokatwa mara moja. Na sisi sote tukitazama pale bondeni tuliona shamba la ami ni kubwa, kwa sababu viwili vyake ukivikata kwa kipimo cha wajukuu ni ishirini. Kumi na mbili haifiki ishirini. Hakuna Mkikuyu asiyeelewa hiyo. Watu walimcheka yule kijana, na mimi nikaondoka kabla hawajamaliza.

Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja tu cha kazi yako. Utakuwa mwalimu, na atakuja mtoto atakayekuambia kumi na mbili ni kubwa. Usimwite mjinga. Huyo amehesabu vitu vizima tangu azaliwe na havijawahi kumdanganya. Mpe shamba alikate. Na yule atakayekusahihisha wewe mwenyewe mbele ya darasa, huyo sina la kukuambia juu yake, kwa sababu unajua kuliko mimi inavyokuwa kusimama mahali pake.

Kuna ukurasa mwingine nimeupenda kwa ubaya. Umeandika 0.2, chini yake 0.20, chini yake 0.200, na kando, kwa mwandiko wako wa kulala: zote ni sawa. Nilipouona nilijitambua. Sifuri zinajipanga nyuma, moja baada ya nyingine, zinarefusha namba, na haziongezi kitu. Daktari. Bingwa wa mluzi. Mbunge wa ng'ombe.

Barua hii si siri. Msomee shosho kesho asubuhi kabla hatujatoka. Msomee na Gathogo ukimkuta njiani, yeye anajua nusu yake. Wakiuliza nani alisoma karatasi, waambie nimeandika kwa mkono wangu kwamba ni mimi, na kwamba mtoto aliisoma sawa.

Nilitaka kumaliza hapo. Ni mahali pazuri pa kumalizia, mtu anabaki na uso. Lakini nimerudi kusoma nilichoandika, na kuna uongo ndani yake. Nimesema nilielewa kwenye baraza, miaka miwili baadaye. Nilitaka kuufuta, nikaona niuache uone jinsi mkono wangu unavyokwenda wenyewe.

Wewe kwa miaka hii yote umeamini baba yako alikuwa mjinga mwenye kiburi. Nimekuacha uamini hivyo, kwa sababu mjinga husamehewa siku moja.

Ulinisahihisha Jumatatu. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nilikuwa soko la Karatina kutafuta kamba, nikamkuta Mwalimu Mutua wako, yule Mkamba, anachagua kabichi. Maneno yako yalikuwa yamenikwama tangu siku ile, hata usingizi ulikuwa mbaya. Nikamuuliza kama mzaha, "Mwalimu, nukta kumi na mbili na nukta mbili, gani kubwa?"

"Hakuna nukta kumi na mbili, Baba Nyawira," akasema. "Ni nukta moja mbili. Na nukta mbili inaishinda mbali. Kwani mtoto amekosea?"

"Hapana," nikamwambia. "Mtoto yuko sawa."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Ng'ombe wote walikuwa hai. Pipa la dawa lilikuwa limejaa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu unagongana na shilingi. Nilirudi Tetu kukiwa bado na jua, nikapita mbele ya stoo ya dipu. Wale watu walikuwa wamekaa juu ya ukuta. Gathogo akaita, "Daktari, mbuzi mbili hawajambo?" Wakacheka. Kama ningefungua stoo wangeniuliza kwa nini naweka dawa kwenye maji niliyoyapunguza Jumatatu, na wangekumbuka ulichosema. Nikajibu mbuzi hawajambo. Nikapita.

Nikasema nitaweka kesho wakiwa hawapo. Kesho yake nikasema kesho.

Jumanne iliyofuata ulikuja na Njeru, wa kwanza kwenye mstari, umande bado uko. Ulimsimamisha pale mlangoni pa dipu, ukashika kamba kwa mikono miwili, ukaniuliza kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie na nisiaibike, "Baba, uliweka dawa?"

Nikakwambia, "Niliweka, mama."

Ukaachilia kamba.